Kola ya Simba na Shingo ya Waziri

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani ukaiona, basi ramani yako ni mbovu, irudishe dukani wakupe nyingine. Na ukikutana humu na mtu unayemfahamu, mwenye kitambi unachokifahamu, ujue hayo ni macho yako. Nenda kapime.

Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na Wizara ya Wanyama wa Porini, na Wizara ya Kuisaidia Wizara ya Wanyama wa Porini. Ilikuwa na hifadhi ya taifa yenye geti zuri la mawe, na nyuma ya geti walikuwemo wanyama wachache, kwa sababu wengine walikuwa wameshahudhuria sherehe za kitaifa. Twiga walihudhuria. Nyati walihudhuria. Swala ndio usiseme, hakuna sherehe waliyokosa. Simba peke yake ndiye hakuwahi kuitwa, maana nyama yake haiendi na pilau. Hivyo alibaki simba mmoja, dume, mwenye manyoya meusi shingoni na dharau usoni.

Wafadhili waliposikia amebaki mmoja wakalia sana, halafu wakaleta kola. Kola yenyewe ni mkanda mpana wa ngozi ngumu, una kidude ukubwa wa kiberiti. Simba akienda huku, kidude kinaiambia setilaiti, setilaiti inaiambia skrini mjini, na kwenye skrini nukta nyekundu inaenda huku. Simba akikaribia watu, mnajua mapema. Jangili akimkaribia simba, mnajua mapema. Kitu kizuri, sikatai. Kina jambo moja tu: kikishafungwa hakifunguki. Kinajifungua chenyewe baada ya miaka miwili, kwa amri kutoka angani.

Bunge likapitisha Sheria ya Kola kabla ya chakula cha mchana. Sheria ilisema hivi: atakayeikata kola, jela miaka thelathini. Mwenye kola ndiye simba, asiye na kola si simba, ili kuondoa ubishi. Na simba akionekana kwenye makazi ya watu, raia akalalamika, basi simba huyo apigwe sindano ya usingizi na arudishwe pale pale alipovalishwa kola. Sheria hiyo aliiandika Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Anselimu Mwakitonge. Alikuwa dakta wa kutunukiwa, na alikuwa ametunukiwa na chuo ambacho alikifungua yeye.

*

Uzinduzi ulitakiwa ufanyike ndani ya hifadhi, lakini barabara ya hifadhi ilikuwa imejengwa kwenye taarifa ya mwaka tu, na magari ya maturubai yakashindwa kupita. Simba akapigwa sindano huko huko porini, akapakiwa kwenye lori, akaletwa kwenye chemchemi ya Lomunyi, kijiji cha wafugaji, ambako kulikuwa na kivuli na nafasi ya kuegesha.

"Hawa ng'ombe wananuka," msaidizi wa Waziri akawaambia wanakijiji. "Waondoeni mpaka mgeni rasmi aondoke."

"Wamekuja kunywa," alijibu mama mmoja anaitwa Sinyati, mweusi, mrefu, mwenye mdomo ambao hata mume wake, Mungu amrehemu, aliuogopa kuliko malaria. "Na hapa ndipo wanaponywea. Mgeni rasmi anywe haraka basi, awapishe."

Ng'ombe wakafukuzwa. Simba akalazwa kwenye zulia jekundu mbele ya meza kuu. Daktari wa wanyama akamnong'oneza Waziri: "Mheshimiwa, dawa haidumu. Tumfunge kola kwanza, hotuba baadaye."

Waziri akamwangalia kama mtu aliyemtukania mama yake. "Kwanza itifaki," akasema.

Nanyi mnaijua itifaki ya huko. Akamtambua Mkuu wa Mkoa. Akamtambua Mkuu wa Wilaya, akamtambua na mke wa Mkuu wa Wilaya, akagundua amewaruka viongozi wa dini, akarudi. Akawatambua wazee. Akawatambua ambao hawakufika lakini wametuma salamu. Akamtambua mtu wa jenereta. Sikio la simba likacheza.

"Mheshimiwa!" daktari akasema.

"Na daktari wetu pia yupo, namtambua, simama wakuone."

Mwandishi mmoja wa habari akauliza kama kola haitamuumiza mnyama. Hapo Waziri akafurahi, maana hakuna kitu alichopenda kama kamera. "Itamuumizaje?" akacheka. Akaichukua kola mezani, akaizungushia shingoni mwake, juu ya tai. "Mnaona? Inapumua! Ni kama hujavaa kitu!" Na ili picha itoke vizuri, akaibana. Ikalia *kach*.

Watu wakapiga makofi. Makofi ndiyo yaliyomwamsha simba.

Sitaeleza sana kilichofuata, kuna viongozi walioomba kisielezwe. Niseme tu kwamba Mkuu wa Mkoa alionekana juu ya turubai, na mpaka leo hakuna anayejua alipandaje. Waziri aliingia kwenye gari kupitia dirishani, akiwa na kola yake. Jioni taarifa ya habari ikasema uzinduzi umefana sana, simba ameshavalishwa, na mgeni rasmi aliondoka mapema kwa sababu ya majukumu mengine ya kitaifa.

*

Simba akabaki na meza kuu. Ilikuwa na mbuzi wa kuchoma ambao hawakuguswa, ilikuwa na kivuli cha turubai, na hatua chache chini yake kulikuwa na maji. Ungekuwa wewe ungeondoka? Mbuzi walipokwisha akamla ndama wa Sinyati, akarudi kulala kwenye zulia.

Lomunyi hakuna maji mengine. Kuna dimbwi la tope kule korongoni, ambalo fisi wanaliheshimu kwa kutolinywa. Watu wakaanza kulinywa. Watoto wakaharisha. Ng'ombe wakakonda mpaka mbavu zikahesabika, mmoja wa Sinyati akapiga magoti njiani kama anasali na hakuinuka tena. Aliobaki nao ndio waliokuwa maziwa ya watoto wake na karo yao na heshima yake, na kila jioni walisimama wakielekeza pua upande wa chemchemi, wakilia.

Sinyati akaenda kituo cha askari wa wanyamapori, akamkuta Sajini Ndimbo amekaa nje ananyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki.

"Sajini, simba amelala kwenye maji yetu."

"Simba gani?"

"Nchi ina wangapi? Yule mliyemleta nyinyi na lori."

Sajini akafuta povu, akatoa simu, akampa aone. "Simba yuko mjini, mama. Ona nukta hiyo. Yuko maeneo ya wizarani, ametulia kabisa."

"Sasa yule aliyelala pale ni nani?"

"Ana kola?"

"Hana."

"Basi si simba."

"Amekula ndama wangu!"

"Hapo useme ndama wako ameliwa na kitu ambacho hakijatambuliwa. Lugha ya kiserikali iko hivyo."

"Haya, chukua bunduki yako, twende ukakitambue."

"Siendi," Sajini akasema, akarudi kwenye ndevu. "Kinauma."

Usiniulize Sajini alikuwa anaamini nini. Alikuwa na watoto sita na buti moja zima.

Kijijini vijana walishaanza kunoa mikuki. Sinyati akawakemea. "Wekeni chini. Saa hizi yule si simba. Mkimchoma, papo hapo anakuwa simba, na nyinyi mnakuwa wafungwa. Hamuwajui hawa?"

Akafunga khanga yake kiunoni, akapanda lori la mbuzi lililokuwa linaenda mjini.

*

Huko mjini mambo yalikuwa yananoga.

Kulikuwa kumejengwa Kituo cha Taifa cha Kumwona Simba, jengo la ghorofa lenye kiyoyozi, lifti, na skrini kubwa kama ukuta. Mkurugenzi wake alikuwa Profesa Gosberti, bingwa wa tabia za simba, ambaye simba alimwona mara moja akiwa mdogo, kwenye kopo la rangi ya viatu. Kila wiki Profesa alitoa taarifa kwa taifa.

Simba, alisema Profesa, amehama kutoka porini na kuja makao makuu kwa hiari yake, jambo linaloonyesha imani ya wanyama kwa serikali. Mchana analala katika jengo kubwa lenye viti vingi, hasa wakati wa maswali na majibu. Hawindi. Anakula kilichowindwa na wengine. Alasiri hufanya mzunguko mfupi wa kuweka mipaka, kuanzia baa ya Mnazi Mkavu hadi nyumba moja ya rangi ya njano, ambapo hukaa kwa muda akiwa hatembei.

Mke wa Waziri, Bi Eufrazia, alikuwa anaangalia taarifa hiyo sebuleni. Aliposikia nyumba ya njano akazima televisheni, akavaa viatu vya kutembelea mbali, akachukua mchi. Kesho yake taarifa ilisema simba amejeruhiwa kidogo na simba jike, na kwamba hilo ni kawaida katika jamii yao.

Waziri alitembea na skafu ya sufu shingoni kwenye joto la kuyeyusha lami. Kila mtu alijua. Walinzi walijua, dereva alijua, mpika chai alijua. Baraza zima la mawaziri lilijua, na wakati wa kikao nukta ilipokuwa inawaka katikati ya meza yao kwenye skrini, walikuwa wanasogeza viti taratibu na kuendelea na ajenda. Mtukufu Rais alijua kabla ya wote. Lakini alishawapigia wafadhili simu kuwaambia simba amevaa kola, na wafadhili walishawapigia simu wafadhili wao. Sasa nani aanze kusema hajavaa? Waziri akisema kola iko kwangu, ataulizwa simba yuko wapi. Ikawa afadhali Waziri awe simba kuliko serikali iwe imekosea.

Magazeti yakaandika kwamba Mheshimiwa Waziri anasumbuliwa na koo.

*

Sinyati aliingia Kituoni akiwa na vumbi la mbuzi mpaka kwenye nyusi. Mlinzi akamwambia avue viatu, avikabidhi, na aeleze shida yake kwa kifupi.

"Kifupi?" akasema. "Kiu."

Akapelekwa kwa Profesa Gosberti, ambaye alimpokea vizuri sana, kwa sababu tangu jengo lizinduliwe hajawahi kumpata mwananchi wa kumwonyesha skrini.

"Karibu, mama yangu, karibu. Unaiona ile nukta? Yule ndiye simba wetu. Zamani ungelala kwa hofu, hujui simba yuko wapi. Leo tunajua anapumua mara ngapi."

"Simba wenu yuko kwenye chemchemi yetu, baba. Ng'ombe wangu wanakufa. Watoto wanakunywa tope."

"Haiwezekani."

"Nimetoka huko."

"Mama," Profesa akasema kwa huruma ya msomi, "wewe umemwona kwa macho. Mimi nimemwona kwa setilaiti. Sasa tumwamini nani, jicho lako au kitu kilichoko juu mbinguni?"

Wakati anasema hivyo nukta ikaanza kutembea. Ikavuka barabara. Ikaja geti la Kituo. Ikaingia mapokezi, ikapanda lifti, maana huyo Profesa alikuwa fundi kweli, skrini yake ilionyesha hadi lifti. Ikaja koridoni. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mheshimiwa Dakta Anselimu Mwakitonge, jasho linamtoka, skafu shingoni, uvimbe wa ukubwa wa mchi kwenye paji la uso.

"Profesa, ile taarifa ya nyumba ya njano," akaanza, halafu akamwona mgeni, akaikaza skafu.

Sinyati akamwangalia Waziri. Akaangalia skrini. Waziri akasogea kushoto, nukta ikasogea kushoto. Akarudi kulia, ikarudi. Profesa akaangalia dari. Chumba kizima cha wataalamu kikaangalia dari, ungedhani kuna kitu kimeandikwa huko.

Hapo mtu mwingine angepiga kelele. Angesema, huyu hapa mwenye kola! Na wangemtoa nje kwa kosa la kumtusi kiongozi, na ng'ombe wangekufa. Sinyati alikuwa amechunga tangu hajaota meno ya ukubwani. Alijua fahali mkaidi humsukumi kwa nyuma; unamfungulia njia mbele yake aone ni yake.

"Profesa," akasema kwa upole ambao mumewe hakuwahi kuusikia, "nisamehe. Nimekosea. Simba hayuko kwetu. Yuko hapa mjini."

"Afadhali umeelewa."

"Tena yuko karibu sana."

"Karibu sana," Profesa akakubali.

"Basi naogopa."

"Unaogopa?"

"Mimi raia. Simba yuko kwenye makazi ya watu, na raia ameogopa. Nalalamika. Naomba apigwe sindano arudishwe alikovalishwa kola, kama sheria inavyosema."

Kiyoyozi kikasikika.

"Mama, usiwe na haraka," Waziri akasema.

"Sijaongea na wewe, Mheshimiwa, pole na koo. Naongea habari za simba. Au kuna mtu humu anasema ile nukta si simba? Aseme, nimsikie. Waandishi nimewaacha pale chini, wanapiga picha lifti."

Hakuna aliyesema. Profesa akikataa malalamiko, lazima aseme kwa nini. Akisema kwa nini, jengo lake lote ni la kumwangalia Mwakitonge akienda baa. Akainua simu akampigia Mtukufu.

Mtukufu alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hampendi Mwakitonge tangu mwaka aliokaa kiti kinachofanana na chake. "Sheria ni msumeno," akasema. "Simba arudishwe. Waiteni wafadhili. Mgeni rasmi nitakuwa mimi."

*

Askari wa wanyamapori waliletwa mjini kwa kazi hiyo, Sajini Ndimbo akiongoza. Nimesikia watu wakisema walifurahia. Mimi sikuwepo, ila picha ipo, na ndani yake Sajini anacheka na meno yote.

"Msinipige! Mimi ni Waziri wenu!" Mwakitonge alipiga kelele akizunguka nguzo ya maegesho.

"Simba anaunguruma sana leo," Sajini akawaambia wenzake. "Mbavuni au pajani?"

"Ndimbo, nitakufukuza kazi!"

"Amekasirika. Pajani, nyama ni nyingi."

Walimlaza, wakampima meno, wakamchukua damu, wakampaka dawa ya kuzuia kupe, wakamweka kwenye kreti lenye matundu ya hewa. Kila kitu kama mwongozo ulivyoagiza. Kwenye kreti wakaandika: MALI YA TAIFA, UPANDE HUU JUU. Sinyati alipewa lifti kwenye lori hilo hilo, akakaa juu ya kreti.

Msafara ulipofika Lomunyi ulikuwa mrefu kuliko kijiji. Ving'ora, tarumbeta, jenereta, kikundi cha kwaya. Yule simba mwingine, yule ambaye si simba, aliinuka kwenye zulia akajinyoosha. Akapita katikati ya askari ishirini. Askari wote wakageukia upande mwingine, maana hayuko kwenye mfumo, na wewe ukimwona asiye kwenye mfumo utaandika nini? Akapanda kilima taratibu akaondoka, kwa sababu hata simba kuna kelele asizoweza kuzivumilia.

Sinyati akashuka juu ya kreti mbio. Maji yako pale! Akawapigia mluzi watoto wake kule boma wawaachie ng'ombe.

Lakini kamba ya njano ilishazungushwa.

"Rudi nyuma, mama," Sajini akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Hapa sasa ni makazi ya simba mwenye kola. Kilomita tatu kila upande, hakuna mtu, hakuna mfugo. Kijiji chenu kimo ndani. Mtahama."

"Tuhamie wapi?"

"Karatasi haijasema wapi. Imesema mtahama tu."

Nadhani hapo ndipo Sinyati alipojuta kuijua sheria nusu.

Kreti likafunguliwa mbele ya maji, maiki ikawekwa mdomoni mwa kreti ili wafadhili wasikie simba akinguruma moja kwa moja. Waliketi kivulini, bwana mmoja mrefu na bibi mmoja mwenye kofia. Mwakitonge akatoka kwa magoti, koti limechanika, kola inang'aa. Mtukufu alimwinamia kama anayemkagua, akaziba maiki kwa kiganja, akamnong'oneza:

"Anselimu, mpaka hawa waondoke wewe ni simba. Ukisema ni mtu, nitasema sikujui. Ukinyamaza, nyama utaletewa na askari watakulinda, miaka miwili inapita kama hotuba. Nitakukumbuka kwenye baraza jipya."

Yule bibi wa kofia akauliza mbona simba amevaa soksi. Profesa Gosberti akamweleza ni spishi ya nchi hii tu. Bibi akaandika, akatikisa kichwa kwa furaha, maana na yeye kule kwao kuna mtu anayesubiri taarifa nzuri.

Sinyati akapita chini ya kamba. Bunduki ishirini zikamwinukia. Akaendelea mpaka akafika mbele ya Waziri, akachuchumaa, wakawa uso kwa uso.

"Mwakitonge," akasema. "Nimekufanyia ubaya, nakubali, na wewe umenifanyia ubaya. Tuyaache. Nyuma yangu kuna watoto wanaharisha damu. Sitaki kazi yako, sitaki radhi yako. Sema neno moja. Sema mimi ni mtu. Ukiwa mtu, hii kamba inatoka, sisi tunakunywa. Na wewe unaenda nyumbani ukaoge."

Waziri akamtazama. Ninaapa kwamba alimwelewa. Neno likaja likakaa hapo mlangoni mwa midomo. Halafu akamwangalia Mtukufu. Akaziangalia kamera. Akaweka mikono yote miwili kwenye vumbi, akavuta pumzi, akanguruma.

Haukuwa mngurumo wa maana. Ulikuwa katikati ya kikohozi na pikipiki inayogoma. Lakini spika zilikuwa kubwa, ukaenda mpaka kilimani ukarudi. Wafadhili wakasimama kushangilia. Kwaya ikapokea. Bibi wa kofia akafuta machozi.

"Haya, toka," Sajini akasema, akamshika Sinyati mkono. "Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia," Sinyati akasema.

Na ng'ombe pia walisikia. Walikuwa wameshafika kwenye kamba, wameteremka mbio kutoka boma, ulimi nje. Ng'ombe wa Lomunyi akisikia simba, anageuka huko huko alikotoka akiwa amebeba mkia begani. Wangetawanyika mpaka nchi jirani. Mwakitonge akawaona, akanguruma tena kwa nguvu zake zote.

Mugie, jike la mbele, hata sikio hakuinua.

Akaisukuma kamba kwa kifua ikakatika. Wengine wakafuata, ng'ombe wote wa kijiji, na nyuma yao punda. Askari walikuwa na amri ya kuzuia watu. Ya ng'ombe hakuna aliyeikumbuka kuiandika, wakaruka pembeni. Mugie akaja moja kwa moja pale ambapo maji yanaanzia, na pale ambapo maji yanaanzia ndipo alipokuwa amepiga magoti mali ya taifa. Akamwekea pua mgongoni, akamsukuma.

"Mama!" sauti ikatoka kwenye spika zote nane, Kiswahili safi kabisa, ikasikika kijiji kizima na kwenye redio iliyokuwa inatangaza moja kwa moja. "Mama nakuomba! Nishikie ng'ombe wako! Nitakufa mimi!"

Sinyati hakujongea. "Simba haombi," akasema.

Mwakitonge akabiringika, akaingia majini na suti, akatokea ng'ambo ya pili na magugu kichwani, akiwa amesimama kwa miguu miwili mbele ya dunia nzima. Tarumbeta zikanyamaza. Wafadhili walishikilia kalamu hewani. Mtukufu akamwangalia Profesa, Profesa akamwangalia mshereheshaji, mshereheshaji hakuwa na wa kumwangalia, akachukua maiki.

"Mtukufu Rais," akasema, sauti ikikwaruza, "wageni wetu, ndugu wananchi. Leo tumeandika historia. Nchi yetu ndiyo ya kwanza duniani kuwa na simba anayezungumza lugha ya taifa!"

Makofi. Mtukufu alipiga, mawaziri wakapiga, bwana mrefu akapiga, bibi wa kofia akapiga huku akiandika. Askari wakaweka bunduki chini ili wapige vizuri. Makofi yalidumu sana, kwa sababu kila aliyetaka kuacha alimwona mwenzake bado anapiga.

Sinyati alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini, anajaza dumu, watoto wanakunywa kwa viganja pembeni yake. Ng'ombe ndio hawakupiga makofi. Walikuwa wanakunywa.